Jina la Tatu: Kutafuta Ukoo wa Rumonge Katika Karatasi za Uhamiaji na Uraia

Mwaka jana nilikaa nyuma ya ukumbi mmoja hapa Rumonge, daftari mapajani, nikisikiliza shauri la shamba la michikichi ambalo baba yangu analidai tangu nikiwa mtoto. Mzee wa upande wa pili alisimama akasema mambo mawili. La kwanza, kwamba babu yangu alijiandikisha kuwa Mha wa Ujiji, na Mha wa Ujiji hana shamba Burundi. La pili, kwamba hata kabla ya Ujiji ukoo wetu haukuwa wa hapa. Ulivuka ziwa kutoka Kongo. Baba aliyakana yote. Mimi nilijua kwamba la kwanza ni kweli, kwa sababu karatasi yenyewe iko nyumbani na nimeisoma mara nyingi. La pili sikulijua. Nilikuwa mwanafunzi wa historia wa mwaka wa pili, nimefundishwa kuhakiki vyanzo vya watu wengine, na sikuwahi kuhakiki vya kwetu. Ndipo nilipoanza kukusanya karatasi.

Kabla ya karatasi, lazima niseme kidogo kuhusu maji. Anayesimama ufukweni Rumonge baada ya mvua, anga ikiwa safi, huona ng'ambo milima ya rasi ya Ubwari, upande wa Kongo. Kusini, kupita Nyanza-Lac, ufuko unaendelea hadi Kigoma na Ujiji. Wavuvi, wachuuzi wa mawese na wabeba chumvi ya Uvinza wamekwenda na kurudi katika pembetatu hii tangu zamani. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 hawakugundua njia yoyote ya majini; walikodi mitumbwi ya wenyeji wanaoijua njia, wakapanda hadi Uvira wakipitia Ubwari.

Kilichobadilika baadaye ni mipaka, na ilibadilika kwa namna ambayo vitabu vyetu vya shule havikutueleza vizuri. Hadi 1916 Rumonge na Ujiji zilikuwa ndani ya koloni moja, Afrika Mashariki ya Wajerumani, na Ubwari ilikuwa ng'ambo kwa kila maana. Mwezi Juni mwaka huo Wabelgiji waliiteka Urundi, na mwezi Julai wakaingia Kigoma. Baada ya vita Tanganyika ikawa ya Waingereza, Ruanda-Urundi ikabaki kwa Wabelgiji, na kwa sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 Ruanda-Urundi ikaunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji. Ndani ya miaka kumi mambo yalipinduka: Ujiji ikawa nchi ya kigeni, Ubwari ikawa upande mmoja na sisi. Kisha Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Burundi tarehe 1 Julai 1962, na Ubwari ikawa ya kigeni tena. Mtu aliyeishi miaka sabini bila kuhama kijiji cha ufukweni angeweza kuwa na jirani yuleyule ambaye leo ni mgeni, kesho mwenzake, keshokutwa mgeni tena.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza kusini mwa Burundi, na Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuguswa. Waasi waliua watu kandokando ya ziwa, wengi wao Watutsi. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima kwa miezi kadhaa, yakiwalenga Wahutu, hasa waliosoma. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 100,000 na kupanda. Mwezi Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Hapa kwetu kwenye tambarare ya Imbo, mashamba ya waliokufa na waliokimbia yalichukuliwa na watu wengine au yakaingizwa kwenye miradi ya michikichi ya serikali.

Babu alikuwa na mdogo wake. Walivuka kwenda Kigoma usiku mmoja, mwezi wa Mei, kwa mtumbwi mmoja, na walipofika nchi kavu wakaachana. Historia yote ya makaratasi ya ukoo wangu inatokana na kuachana huko.

Babu hakutaka kambi. Alikuwa fundi wa mashua, Mwislamu, Kiswahili chake hakikuwa na tofauti kubwa na cha watu wa Ujiji, na Kiha na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba sikio la mgeni haliwezi kuvitenganisha. Akaingia Ujiji, akapanga chumba, akasema yeye ni Mha. Karatasi tuliyo nayo nyumbani ni barua ya utambulisho ya balozi wa nyumba kumi, imepigwa muhuri, inayosema mwenye barua ni Mha, mzaliwa wa Ujiji, mtu mwema. Katika sentensi hizo tatu ni moja tu iliyo ya kweli, nami naiamini kwa upendeleo. Kwa barua hiyo aliweza kuoa, kuwaandikisha watoto shuleni na kuzikwa.

Niliwahi kudhani kwamba huu ulikuwa ujanja wa babu peke yake. Kumbe sivyo. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi miongoni mwa wakimbizi wa 1972 katikati ya miaka ya 1980, katika makazi ya Mishamo na katika mji wa Kigoma, na kitabu chake Purity and Exile kilitoka mwaka 1995. Anaonyesha tofauti kubwa: watu wa Mishamo waliushika Uhutu na ukimbizi wao kama kitambulisho cha heshima, na wa mjini waliuyeyusha, wakajichanganya, wakabadili majina na kabila kadiri maisha yalivyodai. Nilipokuwa naisoma sura hiyo nilimwona babu kabisa, na mdogo wake akiwa upande wa pili wa ukurasa.

Mdogo wake, ambaye sisi tunamwita babu mdogo, alijisalimisha kwa maofisa, akapelekwa Katumba. Makazi makubwa ya wakimbizi wa 1972 yalikuwa matatu: Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo la Mpanda, ambalo tangu 2012 ni mkoa wa Katavi. Walipewa ardhi ya msitu, wakaifyeka, wakalima, wakalipa kodi. Miaka 35 baadaye serikali za Tanzania na Burundi, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, zilikubaliana kuwauliza kila mmoja wao swali ambalo wakimbizi wachache duniani wamewahi kuulizwa: unarudi, au unakuwa Mtanzania? Makazi hayo yalikuwa na watu kama 218,000. Takriban mmoja katika watano alichagua kurudi Burundi. Waliobaki waliomba uraia, na mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 walikubaliwa kwa pamoja. Vyeti vyenyewe vilichelewa, kwa sababu kulikuwa na mpango wa kuwatawanya raia hao wapya mikoani, mpango ambao mwishowe uliachwa. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014.

Kwa mwanahistoria wa familia hii ni hazina. Fikiria watu zaidi ya laki moja na nusu, wengi wao wazee wasiojua kusoma, wakikaa mmoja mmoja mbele ya karani na kutaja jina lao, la baba, la mama, mahali walipozaliwa na mwaka waliovuka mpaka. Hakuna sensa ya kikoloni iliyowahi kuuliza watu wa Imbo maswali hayo kwa utulivu kama huo, na waliojibu walijibu wakitaka kuaminiwa.

Hata hivyo mitego ipo. Tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi za familia yetu karibu zote ni 1 Januari au 1 Julai, ambayo ni namna ya karani kusema kwamba mzee hajui. Rumonge imeandikwa Lumonge, kwa sababu Mtanzania husikia L pale Mrundi anapotamka R. Mtego mkubwa kuliko yote ni majina yenyewe. Wenzetu wa Ulaya hutafuta ukoo kwa kufuata jina moja la familia kutoka kitabu hadi kitabu. Kwa desturi ya Kirundi njia hiyo haina maana: Nzeyimana anaweza kumzaa Ndayizeye, na Ndayizeye akamzaa Bukuru, na hakuna herufi moja inayowaunganisha. Kila mtoto hupewa jina lake, lenye habari ya siku aliyozaliwa au shukrani ya wazazi kwa Mungu. Ukitafuta kwa jina la ukoo utatafuta hadi uzeeke.

Tanzania ina desturi nyingine. Mtu huandikwa majina matatu: lake, la baba yake, la babu yake. Kwa hiyo mkimbizi wa Rumonge alipoulizwa na karani wa Tanzania, alilazimika kutoa kitu ambacho Burundi haikuwahi kumtaka akitoe kwenye karatasi, yaani vizazi vitatu katika mstari mmoja. Sijaona mtu yeyote akilizungumzia jambo hili, na naona linastahili kuzungumziwa zaidi kuliko idadi za waliokubaliwa na waliokataliwa.

Likizo iliyopita nilisafiri hadi Katumba. Babu mdogo alinitolea cheti chake kutoka kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Jina la kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa la baba yake, ambalo nyumbani wote tunalijua. La tatu sikuwahi kulisikia. Si la Kiislamu, wala si la Kirundi. Halina umbo la majina yetu hata kidogo. Nilimuuliza ni la nani. Akasema, "Ni la baba yake baba. Mama alitufundisha tukiwa wadogo, ili siku tukipotea tujue pa kuulizia." Sitaliandika hapa, na sababu itaonekana mbele.

Jina peke yake ni ushahidi dhaifu. Mzee anaweza kusahau, anaweza kubuni, na anayeomba uraia ana sababu ya kutaja jina lolote litakaloijaza nafasi iliyo wazi. Nilihitaji chanzo cha pili ambacho hakikutoka kwake.

Nilikipata Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa dada yao aliyeolewa huko kabla ya uhuru. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, ambao waliwaweka kando watu waliowaona hawako chini ya mila ya chifu yeyote, wakawaita Waswahili hata kama mmoja alitoka Manyema na mwingine Ujiji. Baba yao alikwenda kuugulia kwa binti yake, akafia hapo kabla ya 1972, na sanduku lake la bati halikuondoka tena. Bibi alilifungua mbele yangu. Chini ya kanzu iliyoliwa na mende kulikuwa na kile walichokiita buku, kijitabu cha kitambulisho cha wakati wa Wabelgiji, kimeandikwa kwa Kifaransa kwa mkono wa karani mwenye mwandiko mzuri. Jina: la baba wa babu. Mwana wa: jina la tatu, herufi moja tu ikiwa tofauti. Kabila: Mubwari. Mahali pa kuzaliwa: kijiji cha rasi ya Ubwari.

Nilikaa kimya muda mrefu, hadi bibi akaniuliza kama nimeona nyoka.

Kwa mtazamo wa mbinu hapakuwa na shaka. Babu mdogo aliondoka Burundi mwaka 1972 na hajarudi. Kijitabu kilikuwa sandukuni Buyenzi muda huo wote. Aliyejibu karani wa Katumba alijibu kwa kumbukumbu ya mama yake, na aliyeandika buku aliandika kwa kumsikiliza baba mwenyewe, miaka mingi kabla. Vyanzo viwili visivyojuana vinasema jina moja. Mzee wa ukumbini alikuwa sahihi: tulivuka ziwa.

Lakini buku lilikuwa na kurasa nyingine. Nyuma kuna mihuri ya kodi, ile ambayo wazee huiita ikori, mwaka baada ya mwaka, yote ya Rumonge. Inaanza 1937 na kuishia 1958. Imekosekana miaka miwili tu, 1944 na 1945. Bibi anasema hiyo ni miaka ya njaa, na kweli njaa kubwa ilipiga Ruanda-Urundi 1943 na 1944. Baba yao alirudi Ubwari kwa ndugu zake, akala mihogo yao, kisha akaja tena. Mhamiaji wa kawaida hurudi kwao njaa ikiisha. Huyu njaa ilipoisha alirudi Rumonge, akaanza tena kulipa kodi.

Hapa ndipo ninapokosana na yule mzee, na pia, nasikitika kusema, na baba. Wote wawili wanalisoma neno "Ubwari" kwa macho ya leo, kana kwamba aliyetoka huko alipita mpaka wa nchi mbili. Mwaka 1937 Ubwari na Rumonge zilikuwa chini ya utawala mmoja. Mwafrika aliyetaka kuhama alihitaji kibali cha kuhama kutoka kwa mtawala wa wilaya, kama alivyokihitaji mtu wa Kongo aliyehama wilaya moja kwenda nyingine ndani ya Kongo. Hakuna aliyemwuliza uraia, kwa sababu uraia wa Burundi haukuwepo. Ulikuja na uhuru, na sheria ya 1971 ikaufunga kwenye damu ya baba. Baba wa babu alikuwa ameshalipa kodi ya Rumonge miaka ishirini kabla nchi haijazaliwa.

Wenzangu wa darasani wameniuliza kama karatasi za nchi tajiri zinasema kweli zaidi. Nina mfano mmoja. Binti wa babu mdogo aliolewa na mtu wa kambi ya Mtabila, Kasulu, na wakawa miongoni mwa maelfu ya wakimbizi wa 1972 ambao Marekani iliwapokea kuanzia 2007. Baadaye aliomba uraia wa huko. Marekani ina mapokeo marefu ya karatasi hizi: tangu 1906 maombi ya uraia yalisimamiwa na ofisi moja ya serikali kuu kwa fomu zinazofanana, na leo wajukuu wa wahamiaji wa Italia na Poland huziomba ili wajue kijiji cha babu. Wapo wengi wanaoamini kwamba makarani wa Ellis Island waliwabadilishia babu zao majina. Wanahistoria wameonyesha kwamba makarani wale walisoma tu orodha zilizoandikwa melini, na waliobadilisha majina mara nyingi walikuwa wahamiaji wenyewe, baadaye, kwa hiari yao. Nikamkumbuka babu na barua yake ya balozi. Shangazi alinitumia nakala za karatasi zake kwa simu. Humo yeye ni Mhutu, kwa sababu aliulizwa kwa nini familia yake ilikimbia, na hilo ndilo jibu lililoeleweka. Ubwari haimo. Hakuna aliyeiuliza.

Mimi mwenyewe nimo kwenye daftari mojawapo. Nilizaliwa Ujiji mwaka 2003, nikaletwa Rumonge na baba mwaka 2008 kwa mashua ya mizigo, bila karatasi ya kurejea nyumbani, kwa kuwa mwana wa Mha hawezi kuandikishwa kuwa Mrundi anayerudi kwao. Babu mdogo, mwenye kila ushahidi wa kuzaliwa Rumonge, ilibidi aukane Urundi ili apate cheti. Kisha mwaka 2015 machafuko yalipotokea tulivuka tena. Tulikaa Kagunga ufukweni, pamoja na maelfu ya watu na kipindupindu, hadi meli ya Liemba ilipotuchukua kutupeleka Kigoma. Liemba ni meli ya Wajerumani, ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini 1927, kwa hiyo ni mkongwe kuliko mipaka yote niliyoitaja isipokuwa mmoja. Kambini karani alimwandika baba: Mrundi, mzaliwa wa Ujiji. Baba aliitazama kadi ile akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Ilichukua kukimbia mara ya pili ili apate karatasi ya kwanza inayosema yeye ni Mrundi.

Niliporudi kutoka Buyenzi nilimwonyesha baba picha za buku, mihuri ya kodi kwanza, ukurasa wa kabila mwisho. Alizisoma zote. Akaniuliza nani mwingine ameziona. Nikamwambia nataka kuziandikia insha ya chuo. Alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi. "Mihuri ya kodi itanisaidia," akasema. "Ule ukurasa mwingine utamsaidia yule." Nilimjibu kwamba kijitabu ni kimoja, na kwamba nikikata ukurasa mmoja nitakuwa nimefanya kama barua ya Ujiji. Hakupenda mlinganisho huo; barua ile ilimlisha. Siku ya pili alinipa ruhusa kwa sharti moja, jina la tatu lisichapishwe kabla shauri halijaamuliwa, na hukumu bado haijatoka.

Jioni hiyo nilimpigia simu babu mdogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaniita mke wake kama kawaida yake, nikampa habari za sanduku la Buyenzi. Nilimsomea ukurasa wa kwanza, neno kwa neno, nikilifasiri kutoka Kifaransa. Nilipofika kwenye jina la tatu alilitamka pamoja nami. Kisha akauliza kama kuna picha ya baba yake. Nilimwambia hakuna picha, kuna alama ya dole gumba tu, wino umefifia upande mmoja. Akasema nimtumie hiyo.